Shikamoo Iliyosemwa Ukutani

Mjukuu wangu Zawadi,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Munisagara tu wazima. Bibi yako anapalilia mahindi na kulalamika kwamba mimi ni mvivu.

Umeuliza kwa nini niligombana na vijana waliotaka kupaka chokaa ukuta wa ghala la kijiji. Ni kwa sababu ya ile picha iliyochorwa juu yake, ingawa imefifia.

Wakati wa Ujamaa, mwenyekiti alitaka tuchorewe vita vya Maji Maji, tuone kwamba umoja wetu haukuanza jana. Mchoraji hakuwa na sura za wapiganaji wale, akachukua zetu tuliokuwa tukilima shamba la pamoja. Mimi akaniweka mbele kabisa, na mkuki. Nilicheka sana.

Siku ya kuizindua akaja Bi Mwanahawa, kikongwe ambaye baba yake alikwenda vitani yeye akiwa mtoto, asirudi. Akausogelea ukuta hadi kwenye uso wangu uliochorwa, akainama, akasema, "Shikamoo, baba."

Akabaki ameinama, anangoja. Unajua kwetu shikamoo haiachwi bila kuitikiwa. Lakini mimi nilikuwa sawa na mjukuu wake, ningeitikiaje?

Nikasema nikiwa nyuma yake, "Marahaba, mwanangu."

Akainuka taratibu, hakugeuka kutazama nani kajibu, akaenda zake nyumbani.

Tangu siku ile sijaiona tena sura ile ya ukutani kama yangu. Nikipita pale, mimi ndiye ninayeiamkia.

Babu yako