Kanga Juu ya Mkeka wa Mieleka

Tottenham, London
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imesaidia? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatunyanyasa. Kazini Ilford wazee ninaowahudumia hawajambo, na jana niliruhusiwa kuondoka mapema, maana mjukuu wako Salma alikuwa na mechi.

Mechi yenyewe ni ya mieleka, Mama. Usishike kichwa. Yumo kwenye timu ya chuo chao, na nguo wanazovaa zinabana, hayo tuyaache. Walipambana na chuo kingine cha hapa hapa London, timu ambazo haziivi chungu kimoja. Kila mmoja anakutana na wa uzito wake, halafu pointi zinajumlishwa. Mwaka jana Salma ndiye aliyeshindwa pambano la mwisho, timu nzima ikarudi mikono mitupu. Alilia mpaka akasusa kula.

Safari hii akaniruhusu kwenda kwa sharti moja, nikae kimya. "Ukinitia aibu, huji tena," akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nikaapa. Lakini mkobani nilitia ile kanga nyekundu uliyonitumia.

Ukumbi wa Stratford ulijaa. Lilipobaki pambano la mwisho timu zilikuwa sare, na wanaoingia ni Salma na binti yule yule aliyemshinda mwaka jana. Nilikalia mikono yangu. Mara Salma akamkamata kiuno, akamnyanyua, akamwangusha puu. Sasa mimi najua nini? Kwetu aliyeanguka kaanguka, mchezo umekwisha. Nikapiga kigelegele, nikakimbilia kwenye mkeka na kanga yangu nimtuze mwanangu, kama tunavyofanya ngomani.

Filimbi ikalia. Kumbe lazima mabega yote mawili yabanwe chini, na yule binti alikuwa ameanguka kifudifudi tu. Mwamuzi akanirudisha nje, akaionya timu kwamba nikirudia, pointi inakatwa. Kocha wao akanitolea macho. Salma hakunitazama kabisa. Nilitamani ardhi inimeze, nikajua nimemharibia mwanangu.

Wakaanza tena. Nikajiziba mdomo kwa kanga ile ile, nasali kimoyomoyo. Wakavutana, wakasukumana, yule binti akamlaza Salma hadi nikafumba macho. Nilipofumbua, sijui alijipinduaje, Salma yuko juu, mabega ya mwenzake yamegusa mkeka, mwamuzi anapiga chini kwa kiganja. Ukumbi ukalipuka. Mimi kimya, machozi tu yananitoka.

Salma akasimama katikati, anahema, macho yananitafuta. Akaita kwa Kiswahili, mbele ya watu wote: "Mama, mbona umenyamaza? Njoo sasa."

Nikaenda, Mama. Kigelegele nilichopiga huenda mlikisikia huko Tanga. Nikamfunga kanga mabegani, na tangu jana hajaivua.

Nisalimie Baba, ila habari ya zile nguo usimwambie. Kaka Hamisi na useremala wake, na shangazi wa maandazi, wote wape salamu zangu.

Halafu ukipata mtu anayekuja huku, nitumie doti moja ya kanga. Yule binti aliyeshindwa alikuja kuishikashika ya Salma, akauliza yeye atapata wapi yake. Salma amesema doti ikifika tuikate katikati, wagawane.

Mwanao aliyekaukiwa sauti,
Rehema