Vidonge vya Mama Akiru

Lodwar, Jumanne

Hajafika hospitalini. Nimempigia nesi wa zamu mara mbili, na mara zote ananiambia hajamwona Mama Akiru.

Alikuja kwenye duka langu la dawa asubuhi baada ya kuuza mbuzi, kama kawaida yake anaposhuka kutoka Lokiriama. "Ejok," akanisalimu kwa Kiturkana. "Nipe ile dawa ya asidi, ya mwezi mzima." Nilikuwa tayari nimeshika omeprazole aliposema, kama mtu anayezungumzia jua, kwamba siku hizi choo chake ni cheusi kama lami.

Nikairudisha dawa kwenye rafu. Nikamwambia hiyo huenda ni damu, na kwamba dawa hii hupunguza asidi lakini inaweza kuficha kidonda kinachovuja. Aende hospitali sasa hivi.

"Lakini tumbo haiumi," akasema. "Na mbuzi za nyumbani zitakamuliwa na nani?"

Nilimpandisha boda mwenyewe. Sijui kama alishukia hospitali au duka lingine lisilo na maswali.

Nimemkasirikia kutwa nzima. Mtu mzima anaona choo kama lami, halafu...

Jioni nikipanga rafu, mkono wangu ukagusa vile vidonge vya maumivu ya magoti ambavyo pia hununua kwangu. Husimulia mwenyewe kwamba huvimeza alfajiri bila kutia kitu tumboni, kisha anatembea na mifugo hadi jua kali. Ndivyo vinavyochimba tumbo. Kila mwezi nimekuwa nikimfungia vidonge hivi na dawa ya asidi kwenye mfuko mmoja, na sijawahi kumuuliza neno.