Ndala Nyuma ya Mlango

2 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hamjambo huko? Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenipa kisogo. Filamu yangu imekamilika! Nimekutumia nakala muitazame wewe na baba kabla ya watu. Usicheke ukikuta mambo ya nyumbani. Cherehani yako imo, na zile Jumamosi baba alipokuwa akinichukua kwenda kutengeneza friji kwa shangazi, mimi nikicheza uani na binti yake. Ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Ukumbini nimewawekea viti viwili vya mbele.

Mwanao,
Kitindamimba

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Nikimpigia baba, anakata simu. Mnaumwa, au filamu ni mbaya kiasi hicho?

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lina nafuu, moyo ndio mgonjwa.

Tuliitazama pamoja. Yule mwigizaji wako anayemwigiza baba yako alipofika kwa huyo shangazi, alivua viatu, akavuta ndala zake nyuma ya mlango bila kuonyeshwa zilipo. Kisigino cha kushoto kimelika, kama kilivyolika cha ndala zake za hapa. Baba yako akainuka, eti anakwenda kunywa maji. Nikamuuliza ndala hizo mwanawe kazitoa wapi. "Sinema hizo, mke wangu," akasema. "Kijana ana uongo mwingi."

Uongo huna. Tangu udogo ulikuwa unasema kila unachokiona, mpaka ukitutia aibu mbele ya wageni. Ulipokuwa ukimtaja shangazi, nilidhani ni mteja wake tu. Baba yako hana dada, na ukoo wake naujua mpaka waliozikwa. Miaka yote hiyo nikimfungia chakula cha kazini, nikimwonea huruma! Friji gani huharibika kila Jumamosi?

Niambie kweli, huyo mwanamke ulimtunga?

Mama yako

4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Pole, mama yangu. Sikumtunga. Baba alisema ni shangazi, nami nikaamini mpaka barua yako iliponifikia. Nimelia sana. Nitaikata sehemu hiyo. Bila hiyo filamu haina kichwa wala miguu, lakini heri niikose kuliko watu wakucheke.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usikate kitu. Nimechekwa gizani miaka mingi, sasa taa ziwashwe.

Baba yako amekiri. Kisha alifunga begi, akaondoka, na sikumuuliza anaelekea mlango upi. Ndala zake za hapa nimezitupa. Naumia, sikufichi. Mezani bado natoa sahani mbili, kisha nairudisha moja.

Yule binti mliyekuwa mkicheza uani ni dada yako. Mtafute. Mama yake sitaki kumwona, moyo wangu haujafika huko, lakini mtoto hakuchagua mlango wa kuzaliwa. Ulituwekea viti viwili, na kimoja sasa hakina mtu. Akae yeye.

Sijui nitamwambia nini. Mwambie tu nitavaa gauni la kijani, asinipite.

Mama yako