Mkeka Wetu wa Jumamosi

Baba watoto,

Wali uko kwenye hotipoti, mchuzi upashe moto. Mdogo anywe dawa ya kikohozi akishakula, usidanganywe. Niko darasani mpaka saa mbili.

Asubuhi umempa jirani mkeka wetu wa Jumamosi, ukasema sasa tuna meza, kula chini ni aibu. Ni kweli tulianza kulia mkekani kwa sababu hatukuwa na kiti hata kimoja. Lakini wanao hawajui kwamba ile ilikuwa shida. Wanajua Jumamosi ndiyo siku baba yao anacheka. Mkubwa amekuuliza, "Tumekosa nini?" nawe ukatoka.

~~Basi, leo kuleni mezani, yaishe.~~

Hapana. Nenda kwa jirani ukauombe mwenyewe, tena uende na watoto. Aibu hiyo ya dakika tano utaimudu.

Mama watoto