Hesabu Ilisema Arobaini na Mbili

Dada mshauri, pokea salamu zangu, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kukuandikia ndiyo mara ya kwanza, na nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi kwa sababu Jumamosi wifi yangu anakuja kumchukua mwanangu akaishi kwake, na mimi nimeshakubali kwa mdomo ingawa moyo umekataa.

Nina watoto wawili, mkubwa ni msichana wa miaka tisa na mdogo ana miezi saba bado ananyonya, na kazi yangu ni udobi hospitalini, siku sita kwa wiki, saa kumi kila siku, kufua na kuanika na kukunja shuka za wodini, nikirudi nyumbani nakuta nguo zangu mwenyewe zinanitazama. Mwaka jana walikuja watafiti shuleni kwa binti, wakakutanisha wazazi na kuwapa karatasi za kujaza, mimi sikwenda, nilikuwa kazini. Sasa mwezi huu mwalimu mkuu ametugawia wazazi wote ukurasa mmoja wa matokeo, na mstari wa kwanza kabisa umeandikwa hivi: “Kuna uhusiano hasi kati ya saa za kazi za mama na alama za mtoto za kusoma.” Dada, mimi niliishia kidato cha pili lakini hasi naijua, ni kitu cha chini ya sifuri, nikaelewa kwamba uhusiano wangu na mwanangu ni mbaya na watu wenye digrii zao wameupima wakathibitisha.

Bahati mbaya wifi alikuwepo nilipokuwa nausoma. Yeye hana mtoto, anashinda nyumbani, na siku nyingi anamtaka binti yangu. Akaniambia, “Wifi, hayo si maneno yangu, hiyo ni sayansi. Mimi nilivyokuwa nasema mliniona mchokozi.” Chini ya ukurasa kuna hesabu wameiita mlinganyo wa regresheni, inasema alama za mtoto ni sabini na nane, toa sifuri nukta sita mara saa za kazi za mama kwa wiki. Wifi akachukua simu yake akapiga saa zangu sitini, ikaja arobaini na mbili. Lakini binti yangu kwenye mtihani wa kusoma alipata sitini na moja, nikamwonyesha wifi karatasi ya mtihani nikidhani nimemshinda, akacheka, akasema, “Basi hizo kumi na tisa zimetoka wapi? Kaziokota?”

Hapo ndipo nilipokosea, dada, na hili hata baba yao sijamwambia. Nilimwita mtoto nikamuuliza alinakili kwa nani. Akasema, “Sikunakili mama, nilisoma.” Nikamwambia utasoma saa ngapi na mimi sipo nyumbani? Akasema, “Si kule kazini kwako. Wewe unakunja, mimi nasoma.” Na ni kweli, akitoka shule anakuja kwenye chumba cha kukunjia, anakaa juu ya rundo la mablanketi ananisomea kwa sauti, akiruka mstari namrudisha, lakini siku ile ukurasa ulikuwa mkononi mwangu na wifi amesimama pale, nikamjibu kwamba hesabu haidanganyi. Tangu siku hiyo anakuja, anakaa, anafungua kitabu, anasoma kimoyomoyo. Baba yao anafanya kazi mbali, nimempigia simu anasema, “Nyie wanawake mtaelewana.” Nimechoka, dada. Niache kazi, au nimwache aende kwa wifi ambako kuna mtu nyumbani kutwa? Picha ya ule ukurasa nimeiambatisha uione mwenyewe.

Ni mimi, Dobi wa Wodini

Mdogo wangu dobi,

Pole kwa uchovu, huo naujua. Sasa kaa chini nikugombeze.

Hesabu zangu mimi ni za kawaida tu, kwa hiyo ukurasa wako nilimpelekea mama mmoja anayefundisha takwimu kwa wanafunzi wa ualimu na saikolojia. Alisoma barua yako akicheka pale pa wifi, akaacha kucheka alipofika kwa mtoto. Nitakayokuambia nimeyatoa kwake. Ukali ni wangu.

Neno lililokuchanganya ni “uhusiano”. Kwenye karatasi ile si wa mama na mwana, ni wa namba na namba. Na “hasi” haina maana ya ubaya, maana yake moja ikipanda nyingine inaelekea kushuka, basi. Jua likizidi ukali, muda wa shuka kukauka unapungua. Huo nao ni uhusiano hasi, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Hakuna mtafiti aliyeingia chumbani kwako kupima unavyompenda mwanao.

Lakini hata ukishalielewa neno, usirukie kusema kazi yako ndiyo inayoshusha alama. Siku ambazo mlinzi wa getini kwenu amevaa koti zito, shuka hukawia kukauka, si ndiyo? Mvueni koti basi, muone kama zitakauka! Baridi ndiyo imemvalisha mlinzi koti, na baridi hiyohiyo ndiyo inayochelewesha shuka. Akina mama wengi wenye saa nyingi kazini ni haohao ambao watoto wao wanatembea mbali kwenda shule, wanakaa sabini darasa moja, hawana kitabu nyumbani. Namba mbili zimetembea pamoja, nani kamvuta nani karatasi haikusema. Aliyesema ni wifi yako.

Halafu umeruka namba moja pale katikati. Kipimo cha uhusiano wenyewe wameandika 0.24, na alama ya kutoa mbele yake. Yule mama wa takwimu anasema ukikizidisha kwa chenyewe unapata kama sita katika mia. Yaani watoto wanavyopishana alama, tofauti hizo ukizifanya mia, sita tu ndizo zinazokwenda na saa za kazi za mama. Tisini na nne ziko kwingine. Kwa ajili ya hizo sita unataka kufunga begi la mtoto?

Tuje kwenye arobaini na mbili yenu. Ule mlinganyo ni mstari uliopitishwa katikati ya kundi zima la watoto, wengine wako juu yake, wengine chini, wachache sana wamekaa juu ya mstari wenyewe. Soma maandishi madogo mwisho wa ukurasa: makisio yanaweza kupotoka kwa alama ishirini hivi, juu au chini. Walioutengeneza wenyewe wamekiri. Binti yako kaupita kwa kumi na tisa, jambo la kawaida kabisa, na wewe ukamfanya mwizi. Namba ikitofautiana na mtoto aliyekaa mbele yako, inayoulizwa maswali ni namba.

Na tungeuliza tungegundua jambo ambalo limenikasirisha kuliko yote. Jedwali la juu linaonyesha kwamba mama mwenye saa nyingi kuliko wote waliojaza alikuwa na arobaini na nane. Wewe una sitini, na mkutanoni hukuwepo. Wenye saa kama zako hawakuwepo kwa sababu walikuwa kazini! Mstari haukuwahi kukutana na mtu kama wewe, wifi akauburuta kwa simu yake mpaka mlangoni kwako. Tena karatasi ilihesabu saa za kazi kama saa ambazo mama hayupo. Nani aliiambia kuhusu chumba cha kukunjia? Kila jioni mtoto anakusomea, unamsahihisha, na zote hizo zimeandikwa kama saa za mama kutokuwepo. Unaniuliza kumi na tisa zimetoka wapi. Sina ushahidi, na mwalimu wa takwimu amenikataza kuapa, lakini mimi ningeanza kutafuta juu ya lile rundo la mablanketi.

Kwa hiyo kazi usiache. Ukipata nafasi ya kupunguza saa, punguza kwa sababu mwili wako umechoka na una mtoto wa kunyonyesha, si kwa sababu ya ukurasa. Ukurasa wenyewe urudishe kwa mwalimu mkuu, umwambie kwa adabu kwamba wakija tena watafiti waitishe mkutano siku ambayo madobi nao wanaweza kufika, na ile karatasi iulize mtoto anasoma na nani. Baba yao mpigie tena, na safari hii usimuulize maoni. Mwambie umeamua nini, na yeye ndiye amweleze dada yake kwa simu kabla hajapanda gari.

Mtoto umwombe radhi leo, usingoje kesho. Usimweleze mambo ya takwimu, ana miaka tisa. Usimpe zawadi pia, atadhani unanunua ukimya wake. Mwambie, “Nilikosea mwanangu. Ulisoma mwenyewe, na zile alama ni zako.” Asipojibu usimlazimishe, na asiposoma kwa sauti kesho wala keshokutwa, vumilia, umemwumiza kweli.

Na Jumamosi wifi yako akifika, maana namjua mtu wa aina hiyo, atafika tu, mpokee vizuri, mpe kiti, mpe chai, muulize habari za huko atokako. Mtoto usimpe.