Mama mkwe katikati ya darasa

Kijijini Tulia, Jumamosi, 1954

Bado nacheka peke yangu. Leo kwa darasa la watu wazima ninalofundisha ameingia nani? Mama yake mke wangu, Mbithe. Kwa adabu yetu ya Kikamba mimi na mama mkwe hatutazamani usoni wala hatusemezani. Tukikutana njiani, mmoja wetu huingia kichakani. Na yeye akaenda kukaa benchi la katikati kabisa.

Niliogopa nikikosea watu watasema nimemvunjia heshima.

Neno la leo lilikuwa senta. Nikachora duara, nikatia nukta katikati, nikaeleza nikiwa nimekazia macho dirisha. Mzee Mutua akasema hata soko letu ni senta, kwa maana watu wote hufika hapo. Kijana mmoja akataja senta wa mpira. Nikawaambia wote wamepata.

Ndipo mama akamgeukia jirani yake, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Mwambie mwalimu, senta ya nyumba ni mafiga. Moto ukizima hapo, hakuna nyumba."

Nikaliambia dirisha, "Mwambie mama amepata kuliko wote."

Darasa lilicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Nilimsikia. Miaka sita ya ndoa, na sikuwa najua kicheko chake.

Nimemwambia Mbithe kwamba wiki ijayo nitafundisha neno la pembeni, labda mama atahamia huko.

"Mama?" akasema. "Huyo hajawahi kukaa pembeni."