Kipande cha Kijani

Kaka Twaha,

Mungu akulaze pema. Hapa Kisenyi mama ameanza kula tena, na gereji yako imefungwa tangu tulipokuzika. Lakini mimi naogopa, kaka, na niliyezoea kumwambia nikiogopa ni wewe.

Chuoni tulitakiwa kutengeneza jarida la wanafunzi kuhusu rangi. Mimi nikapewa kurasa mbili za katikati. Nikakumbuka vile vipande vya bati ulivyokata kwenye magari yenye kutu, ukavirundika nyuma ya mlango. Nikasema nitavipanga, nivipige picha: nyekundu, bluu, krimu, na katikati kile cha kijani ambacho sijawahi kuona mfano wake dukani. Nilitaka jina lako liandikwe chini yake. Nilijivunia hilo.

Nilipokuwa navitandaza mezani, Akello akasimama kando yangu. Humjui. Nasoma naye, amekulia kwenye nyumba za polisi kule Nsambya. Baba yake aliitwa kazini mwaka jana, akaondoka na gari lake, hakurudi. Akello akakichukua kile cha kijani, akakipitishia kidole.

"Hii umetoa wapi?"

Nikamwambia ni ya kaka yangu, fundi wa kupuliza rangi.

"Hii mlango ya gari ya baba. Rangi alichanganya mwenyewe, mimi nikamsaidia kupaka. Ona, unywele ya brashi iko ndani."

Kweli, ulikuwemo, umegandia kwenye rangi.

Mwalimu wetu alikuwa karibu. Najua alisikia, kwa sababu alikwenda kufunga dirisha, kisha akatoka bila kututazama. Hadi leo sijui alilifunga kwa ajili yetu au kwa ajili yake.

Ndipo nikamkumbuka yule mwanajeshi aliyekuja gereji siku niliyokuletea chakula. "Gari hii nataka rangi ingine. Usiulize." Siku ile hukula. Ulisema kifua kinakubana kwa ajili ya rangi, nami nikaamini ni kifua tu. Yalikuwa magari mangapi ya watu wasiorudi, kaka? Na vipande ulivihifadhi kwa nini? Ulitaka mtu avione, au ulishindwa tu kuvitupa?

Akello aliniuliza kama ulimwona baba yake. Nikamjibu sijui. Hakulia. Alisema mama yake bado anampakulia chakula kila jioni.

Zile kurasa nimeziondoa. Mahali pake nimeweka picha za vitenge, na watu wamezisifu. Kile cha kijani Akello alikifunga ndani ya sweta akaenda nacho kwao. Tangu hapo gari likipunguza mwendo mtaani kwetu, nakwenda kuchungulia dirishani. Wanajeshi wakimkuta nacho watamuuliza amekipata wapi. Vile vingine nilitaka kuvitupa. Nilivitoa hadi uani, nikashindwa kama wewe. Viko chini ya kitanda changu na mama hajui.

Jana yule mwanajeshi alikuja nyumbani. Akauliza fundi yuko wapi. Mama akasema amefariki.

"Nani ingine hapa anajua kazi ya rangi?"

"Hakuna, afande."

Akatazama mikono yangu. Nilikuwa nimetoka darasa la uchoraji chuoni, kucha zangu zote zina rangi. Nikaificha ndani ya kanga, lakini alikwisha kuiona. Akasema atarudi. Alipoondoka mama alinisugua vidole kwa mafuta ya taa mpaka vikaniwasha.

Asubuhi nitakwenda kwa shangazi, kule Kasubi. Sijui kama huko ni mbali vya kutosha.

Kaka, sitakuhukumu. Nimeshaona jinsi mtu anavyosema "ndiyo, afande" kabla hajajua amesema. Ila nakuahidi, sitalipulizia rangi gari lao hata moja, na nikibaki hai vipande hivi vitawafikia wenyewe, kimoja kimoja.

Pumzika, kaka yangu. Na kama baba yake Akello yuko nawe huko, msalimie, umwombe radhi kwa niaba ya nyumba yetu.

Mdogo wako,
Zainabu